Kodi Imepanda

Fundi cherehani wa chumba cha mbele alikuwa mkimya kuliko sindano yake. Ukimwambia hujambo, sijambo yake inakufikia umeshapinda kona. Mwenye nyumba, bibi kizee mwenye mdomo wa wembe na moyo wa siagi, ndiye aliyembandika jina la Kimya, na mtaa mzima ukalipokea.

Bibi huyo hakuwa bibi yake wa damu. Kimya alikuja pale kupanga, ana cherehani kimoja, mto mmoja na aibu gunia zima. Lakini udugu ni kufaana. Kila asubuhi Bibi alileta birika la chai, akaketi kwenye kigoda karibu na dirisha na kuanza utani wake.

"Mke mwenzangu, umelalaje? Marehemu mume wetu alinijia ndotoni. Wala hakukuulizia."

Kimya alicheka kwa mabega, sauti ikabaki ndani. Kisha alimtungia Bibi uzi, maana macho ya Bibi yalishastaafu, na Bibi akashona vifungo vya mashati ya wateja huku akisengenya wenye mashati.

Asubuhi moja Bibi alichelewa. Alikuja kutoka dukani akihema, sukari mkono huu, sabuni mkono huu.

"Kodi imepanda!" alisema akiwa bado mlangoni. "Umesikia? Kuanzia leo! Na asiyetaka, akakae porini na nyani!"

Akapita moja kwa moja hadi uani, kandambili zikilia pwa, pwa. Siku hiyo chai haikuja.

Mguu wa Kimya uliganda kwenye pedali. Kodi, kwake yeye, ilikuwa moja tu: ile aliyompa Bibi kila mwisho wa mwezi, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa, na Bibi akaitia kifuani bila kuihesabu. Ndiyo iliyomweka pale penye dirisha na wateja. Na ule ulikuwa msimu wa ukame. Sare za shule zilishashonwa, na watu hawajaanza kuoana. Ikiongezeka hata kidogo, hataiweza.

Angeuliza. Sentensi aliitayarisha vizuri: "Bibi, imepanda kwa kiasi gani?" Akaipiga pasi kichwani ikanyooka, lakini kila alipofika uani ilijikunja. Tena kilichomchoma zaidi si hiyo nyongeza. Ni wale nyani.

Akatafuta chumba kingine. Alikipata nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo unga ulitua juu ya kila kitu. Suti nyeusi ingeingia asubuhi, jioni ikatoka na mvi. Lakini kilikuwa rahisi. Akaanza kumalizia nguo za watu na kuteremsha vitu vyake ukutani, leo mkasi, kesho futi.

"Mbona ukuta mtupu?" Bibi aliuliza.

"Nasafisha," Kimya alinong'ona.

Bibi aligusa msumari mtupu. "Haya. Mtu akichoka na kelele za kikongwe, aseme tu. Sitakufa."

Kimya akainamia kitambaa. Alidhani anaonyeshwa mlango. Hakujua kwamba Bibi alikwenda uani na kufuta macho kwa upindo wa gauni, upindo ambao yeye Kimya ndiye aliyeushona.

Siku ya kuhama, mwenye mkokoteni alipakia cherehani, akakitikisa, akaguna.

"Dada, bila kamba hiki kitafika vipande. Kimbia dukani."

Mwenye duka walimwita Risiti, tangu aliponunua ile mashine ya kutoa risiti. Ukinunua hata kiberiti, atakukimbiza nayo barabarani. Kimya alionyesha kamba kwa kidole. Mashine ikalia, karatasi ikatoka.

"Usije ukanitukana kama bibi yako," Risiti alisema. "Hii ni bei ya kamba. Hii hapa chini ni kodi."

"Kodi?"

"Kodi ya mauzo. Si yangu, ni ya serikali. Mimi ni kama mchota maji wa watu, nabeba ndoo lakini kunywa siruhusiwi. Kodi ziko nyingi, dada. Mwenye mshahara anakatwa kwenye mshahara, mwenye jengo analipia jengo. Lakini hii ya mauzo haichagui, hata mtoto aliyekuja kununua pipi inampata. Sasa wameipandisha. Nikamwambia bibi yako, kodi imepanda. Weee! Alipiga meza mizani ikaruka. 'Kodi? Kwani nimepanga kwako? Mimi ndiye mwenye nyumba! Kodi napokea, silipi! Mpangaji wangu mwenyewe, mtoto wa watu, mtulivu, sijawahi kumpandishia, halafu wewe unipandishie mimi?' Na mimi hasira zikanipanda. Nikamwambia asiyetaka kodi akakae porini na nyani."

Kimya aliacha kamba, akaacha na chenji. Alikimbia huku Risiti akipiga kelele nyuma yake, "Dada! Risiti yako!"

Alimkuta Bibi amepanda juu ya mkokoteni, amekikumbatia cherehani kwa mikono miwili.

"Shuka, Bibi," mwenye mkokoteni alikuwa akibembeleza. "Mimi nalipwa kwa safari."

"Nipeleke na mimi. Mke mwenza anahama, mimi nibaki na nani?"

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mshindo wenyewe ndio huu:

"Bibi! Ni kodi gani iliyopanda?"

Ng'ambo ya barabara, kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mtu.

"Ya sukari!" Bibi naye akajibu kwa kelele. "Na ya sabuni! Yule Risiti..." Akautazama mkokoteni, akakitazama cherehani, akamtazama Kimya. "Mungu wangu. Ulidhani ni ya chumba?"

"Ulisema nikakae porini na nyani."

"Ndivyo alivyonijibu Risiti! Mimi nikwambie wewe hivyo? Huko porini nani atanitungia uzi?"

Akaanza kucheka, na kicheko kikamtoa machozi, au machozi yalikuwa yameanza zamani. Kimya akapanda mkokoteni, akamshika. Mkokoteni ukalalama.

"Na mimi je?" mwenye mkokoteni akauliza.

"Shusha vitu. Utalipwa ya kwenda na ya kurudi," Bibi alisema, kisha akamgeukia Kimya. "Ila wewe, sasa kodi yako imepanda kweli."

Kimya akamwachia Bibi.

"Kodi ya kunyamaza. Kila asubuhi utanisalimu mpaka asikie Risiti kule dukani. Ukinong'ona, unadaiwa."

Kesho yake mkasi ulikuwa ukutani, na uzi umeshatungwa. Kandambili zikasikika, pwa, pwa, na birika likigongana na vikombe. Kimya akajaza kifua.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba!" ikajibu sauti ya Risiti kutoka dukani.

Bibi aliweka birika chini, akatoa kichwa dirishani.

"Koma! Ya sukari umeshachukua. Hii ni yangu!"