Malori Yaliyokuja Kiwandani

Kaltumu aliyasikia malori kabla ya kupambazuka, akaijua sauti ile. Mwaka wa sabini na tisa, Amin alipoangushwa Uganda, ilikuja hivyohivyo, na watu wa Koboko waliokaa kuuliza maswali hawakuonekana tena. Alichungulia. Wanaume wenye sare na bunduki walikuwa wakishuka kwenye geti la kiwanda cha pamba.

Ni kweli serikali ilikuwa imekiuza kiwanda kwa mwekezaji wa ng'ambo. Mwanawe Fadhul, fundi wa mashine, alimweleza wazi: tajiri mpya akifika, atawaajiri wale atakaowakuta.

"Fadhul, amka. Iko askari."

"Mama, hao walinzi ya kampuni."

"Na wale wa zamani walisema wao ni nani? Si wakombozi?"

"Nikitoka, kazi inaenda."

"Kazi utapata ingine. Beba godoro."

Mtoto wa kiume hamwachi mama yake avuke mpaka peke yake. Nyumba zote za wafanyakazi zikamwagika njiani kuelekea Zaire. Jirani yao Paska tu, mwenye mguu mbovu, alibaki na mumewe Jale.

"Mimi nimechoka kukimbia," Paska alisema. "Wakikuja kuua, watanikuta nakunywa chai."

Huko Zaire walisubiri mlio wa risasi, wasiusikie. Waliporudi, milango ilikuwa na kufuli mpya. Mlinzi, kijana wa Arua mwenye adabu, aliinuka kumsalimu Kaltumu.

"Mama, bwana alipita nyumba kwa nyumba. Hakuna mutu, ila Jale na bibi yake. Akasema, basi hawa wameacha kazi."

"Tulikimbia bunduki yenu."

"Hii? Haina hata risasi, mama."

Fadhul alicheka kidogo, kicheko kibaya, akageuka.

Jale aliajiriwa. Kazi yake ikawa kufungua mashine, nati kwa nati, na kuzipakia malorini ziende kuuzwa. Ya mwisho ilipoondoka, naye akatolewa nje ya geti, na pamba ya wakulima ikaozea ghalani.

Sasa Fadhul anabeba magunia Oraba, mpakani mwa Sudan. Humletea mama yake sabuni, hakai kula. Kaltumu amepanga chumba Oli, mtaa wa Arua, na humwambia kila mama mwenye watoto: wakija na malori yao, usikimbie. Kaa mlangoni.

"Ukikaa unapata nini, mama?" Rabia, mpangaji mwenzake, alimuuliza.

Kaltumu alimfikiria Jale.

"Unapata kuona vile wanabeba," akasema.