Tundu la Timazi

Kazini walimwita Timazi, jina la uzi wa kupimia wima wa ukuta, kwa kuwa hakuna ukuta wake uliowahi kupinda. Mwashi wa namna hiyo hababaishwi na boksi la kiyoyozi alichonunua akifunge mwenyewe. Tena hakuwa na muda wa kubabaika: kaka yake alikuwa anakuja Jumapili kumchukua mama akaishi kwake penye ubaridi, maana moyo wa mama haukustahimili tena joto la chumba chake. Mama hakutaka kuhama, na Timazi hakutaka hata kulisikia neno lenyewe.

"Ita fundi," kaka alimwambia kwenye simu.

"Fundi si ndiye unaongea naye?"

Akafunga ukutani kibao cha kuning'inizia kiyoyozi, akatoboa ukuta, akapitisha mabomba ya shaba na mpira wa kutolea maji. Akavuta hewa yote mabombani kwa pampu ya kuazima, akafungulia gesi, akapaka povu la sabuni kwenye kila nati. Povu halikuchemka popote; gesi haikuvuja. Alipowasha, baridi ikashuka, naye akajipigia kigelegele mwenyewe.

Jioni maji yakaanza kudondokea mto wa mama.

Timazi alikagua kila kitu mara mbili. Mwishowe akaweka pimamaji ndani ya tundu, na kipovu kikatulia katikati kabisa. Hapo akashika kiuno. Alikuwa ametoboa tundu lililonyooka kama kawaida yake, wakati lilitakiwa liinamie nje. Maji hufuata mkondo, wahenga walishasema, na yeye hakuyapa mkondo wowote.

Asubuhi akarudisha gesi kwenye mashine ya nje, akafungua mabomba, akashika keekee. Mkono ukagoma.

"Unangoja nini?" mama akauliza.

"Mama, tangu nizaliwe sijatoboa tundu likaenda upande."

"Basi toboa. Mimi simwambii mtu."

Akatoboa upande. Akafunga upya, akavuta hewa upya, akapaka povu upya. Safari hii maji yalitiririka nje, na Timazi akasimama uani akiyatazama, kifua mbele, akilionea fahari tundu lake la kwanza kupinda.

Jumapili kaka akaingia na begi tupu la kupakia nguo za mama. Akasimama mlangoni, ubaridi ukimpiga usoni.

Mama akavuta shuka hadi mabegani. "Mwanangu, ingia au toka, lakini funga mlango. Unamaliza baridi ya dada yako."