Kipa wa Akiba

Mwezi wa tano, mpunga unapokomaa, kwetu Namawala hakuna anayelala jua likishachomoza. Kaka yangu Evod alikuwa akipanda dunguni mapema, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba, kuamia ndege wasimalize mpunga. Mimi, niliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, nilimpelekea uji. Aliunywa akiwa amesimama, kombeo limening'inia begani, macho upande wa mto. Hatukuongea sana. Alikuwa akinirudishia kikombe, anasema, "Asante, Agnella," nami nashuka.

Siku hiyo kikombe kilikuwa bado mkononi mwake kengele ya baiskeli ilipolia kwenye njia ya shambani.

"Evod! Shuka huko, mwanangu. Watu wanakutafuta!"

Alikuwa Kocha Wendelin, mzee wa Viwanja Sitini aliyemfundisha Evod kudaka mpira tangu shule ya msingi. Suruali yake ilikuwa imelowa umande hadi magotini. Evod aliteremka ngazi taratibu, kama mgonjwa aliyeitwa jina kwenye foleni ya sindano, nami nikamfuata. Baba naye akaja kutoka upande wa pili wa shamba, akijifuta mikono.

"Shikamoo, kocha," nikasema.

"Marahaba, mwalimu wetu. Mbona chuo kinakukondesha hivyo? Hawapiki huko?"

"Wanapika," nikajibu, nikakipokea kikombe mkononi mwa Evod.

Wendelin hakungoja kukaa. "Viongozi wa klabu wamenipigia simu jana. Ngusa, kipa wao wa kwanza, amevunjika mguu mazoezini. Mechi zinaanza tena wiki ijayo na golini hawana mtu. Wanamtaka Evod."

Baba alivua kofia.

Msimu uliopita Evod alikuwa kipa wa akiba wa timu moja ya Dar es Salaam, katika Ligi Kuu, ligi ya juu kuliko zote nchini. Kucheza kwake kote kulikuwa kipindi cha pili cha mechi moja, Ngusa alipoteguka kidole, na mechi mbili zilizofuata. Katika ile ya mwisho aliangukia bega kwenye uwanja mkavu wa Mbeya, akarudishwa nyumbani apone. Basi. Lakini siku mtangazaji alipotaja jina lake, Baba alisimama mbele ya redio, mikono ubavuni, hadi mpira ulipokwisha. Tangu hapo sokoni Ifakara hawamwiti Damiani tena. Wanamwita Baba Kipa.

"Bega, kocha," Evod alisema. "Bado."

"Bado?"

"Likipata baridi linakaza."

Ndivyo alivyomjibu kila aliyemuuliza. Mimi ndiye niliyemkanda kwa maji ya moto na chumvi, mpaka siku moja akaniambia niache, inatosha. Sikumuuliza kwa nini inatosha.

Baba alitazama chini. "Bega la mtoto bado, Wendelin. Tufanyeje?"

Hapo ndipo kwelea walipotokea, wingu zima, wakashuka kwenye mpunga wetu kwa mlio kama wa mvua. Ndege hawangoji mgeni aagwe. Evod aliparamia ngazi, akatia donge la udongo kwenye kombeo, akalizungusha juu ya kichwa kwa mkono wa kulia, akaachia. Kombeo lililia kama bunduki. Donge lilikwenda likaangukia mpakani kabisa, kwenye shamba la jirani. Akatupa tena, na tena, hadi wingu lile likanyanyuka.

Alipogeuka, sote tulikuwa tukimtazama bega.

Wendelin alicheka hadi akashika usukani wa baiskeli. "Hilo ndilo linalouma? Basi lingekuwa zima ungewafikia ndege wakiwa bado Mahenge! Muongo mkubwa wewe!"

Baba naye alicheka, machozi yakimlengalenga. "Alikuwa anadeka tu. Atakwenda. Waambie hivyo, Wendelin. Kesho treni ikipita, yumo."

Kwetu, baba akishamjibu mgeni, neno limefungwa. Mtoto hajibu juu yake, hata akiwa na ndevu. Nilimtazama Evod nikiomba moyoni aseme chochote, maana nilimjua: angesema "Sawa, Baba," kisha angekwenda kufunga begi.

Alikaa kwenye ngazi ya dungu.

"Baba, naomba usinijibie."

"Umesemaje?"

"Bega lilipona kabla ya Pasaka."

Baba alirudisha kofia kichwani. "Sasa kinachokuzuia nini? Zamu yako imefika!"

"Kipa wa akiba hana zamu, Baba. Mshambuliaji akichoka anapumzishwa, mwingine anaingia. Kipa hatoki mpaka aumie." Alikuwa akisema polepole, bila hasira, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajapata pumzi. "Nililala chumba kimoja na Ngusa. Tulikula sahani moja. Glovu nilizovaa Mbeya ni zake, alinivalisha mwenyewe. Lakini kila nilipokaa benchi, akiruka kudaka, moyo wangu ulisema, leo asinyanyuke. Nilikwenda kuungama. Jumapili ikija, nakaa benchi, naomba vilevile."

"Mpira ndivyo ulivyo, mwanangu," Wendelin alisema. Hakuwa akicheka tena.

"Najua, kocha. Wapo wanaouweza. Mimi umenichosha."

Baba alionekana mzee kuliko asubuhi ile alipotoka nyumbani. "Na watu nitawaambia nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Evod aliinua uso, akamtazama machoni, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya kabla ya hapo.

"Kocha aliposema Ngusa amevunjika mguu, nilifurahi, Baba. Hata kabla ya kumhurumia, nilifurahi. Siendi. Sitaki kuishi kwa kungoja mwenzangu aanguke."