Siku Effie Alipotaja Nasaba ya Watu

Huko Glen Corran, katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada, watu hawakuulizi unaitwa nani. Jina halisaidii kitu. Nusu ya kijiji ni MacCorran, na katika hao, kila ukitupa jiwe linampata Donald. Watakuuliza, "Wewe wa nani?" Nawe unapanda ngazi: mimi wa fulani, wa fulani, wa fulani, mpaka umfikie yule aliyeshuka kwenye meli kutoka Uskoti, mtoto mgongoni na viazi vya mbegu mfukoni. Usipoifikia meli, watu hukutazama kama ng'ombe aliyepotea zizi.

Basi Chama cha Urithi wa Ukoo wa MacCorran kilipoanzisha ufadhili wa masomo, mwaka mzima wa kusoma Kigaeli, lugha ya wazee wao, chuoni, karo na malazi juu ya chama, hakikuanza kwa kudai vyeti. Mwombaji asimame ukumbini mbele ya watu, ataje nasaba yake hadi melini, kisha aimbe wimbo mmoja wa wazee. Kila Agosti hupewa mtu mmoja tu.

Mwaka huo waombaji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Catriona, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye sauti kama kengele ya asubuhi ya Pasaka. Wa pili alikuwa Effie, mjane wa miaka sitini na mmoja.

Effie aliacha shule akiwa bado mtoto, akaenda kufunga samaki kiwandani. Kigaeli alikinyonya na maziwa ya mama. Alikisema, alikiimba, alikisali, lakini kukisoma hakuweza hata neno. Mumewe Neil alipofariki, na jioni zikawa ndefu, alijiandikisha darasa la jioni pale shuleni, akakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakimgusa kidevu. Baada ya miezi ya kuhangaika na herufi, siku moja alisoma Baba Yetu mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno. Sala hiyo alikuwa akiisali tangu hajaota meno ya pili, lakini siku hiyo ndipo alipoiona uso kwa uso. Alilia hadi mwalimu akadhani anaumwa. Tangu hapo hakuwa na ombi jingine mbele za Mungu: asome vizuri, kisha arudi afundishe watoto wa parokia kabla lugha haijazikwa pamoja na wazee. Kwa pensheni ya kiwandani, chuo kilikuwa mbali kama mwezi. Njia ilikuwa ufadhili huo, au basi.

Siku ilipofika, alitangulia ukumbini kukata mikate ya oti kwa ajili ya chai. Akamkuta Murdena jikoni, kisu cha siagi mkononi. Murdena alikuwa bibi yake Catriona. Alikuwa pia na ulimi ambao padri mwenyewe aliuogopa.

"Shoga, umekuja kweli!" Murdena alisema. "Nilidhani umepata akili usiku."

"Akili ndiyo ninayoifuata chuoni."

"Utakaa bwenini na wasichana? Watakuuliza usiku umeacha wapi meno yako ya bandia."

"Nitawaambia nimemwachia Murdena, ayatumie kung'ata watu."

Murdena akacheka hadi siagi ikamdondokea kwenye aproni. "Catriona wangu atakushinda, unajua?"

"Huenda. Ana sauti kuliko mimi."

"Mbona basi unajisumbua?"

"Kwa sababu nimeomba," Effie alisema. "Ukishaomba, lazima uende mlangoni uone kama pamefunguliwa."

 Murdena akarudi kwenye siagi yake.

Ukumbi ulijaa. Mbele waliketi waamuzi wawili. Mwenyekiti wa chama, Bwana Hector, daktari wa meno kutoka Halifax, alivaa sketi ya mistari ya ukoo na soksi ndefu zilizombana. Pembeni yake alikuwa Bi Seonaid, mwimbaji mzee, macho nusu yamefumbwa kama paka juani. Effie aliitwa kwanza.

Alipanda jukwaani, akafanya ishara ya msalaba kifuani kwa kidole gumba, kidogo tu, watu wasione. Kisha akaanza. Alitaja nasaba bila kukwama hata pumzi. Wa Neil, wa Hugh Mwekundu, wa Archie wa Darajani, wa Neil Mkubwa, wa Lachlan, hadi Calum aliyeshuka melini. Watu wakapiga makofi. Bwana Hector naye akapiga, akatabasamu.

"Safi sana, mama. Kwa hiyo huyo Neil ndiye baba yako?"

"La, bwana. Mume wangu, Mungu amrehemu."

 Nyuma kabisa mzee Roddie akapasuka kicheko, na wengine wakamfuata.

Effie akahisi masikio yanawaka. Alikuwa amefanya nini? Alikuwa ametaja nasaba ya mumewe! Kwa miaka arobaini hakuna aliyemwita isipokuwa Effie wa Neil. Mama mkwe wake alimkaririsha ngazi hiyo walipokuwa wakikamua ng'ombe, na kila alipokosea alipigwa kofi la begani kwa mkono wenye maziwa. Ilikuwa imeingia mifupani. Ile ya kwao ilikuwa imesinzia kwa kukosa wa kuiuliza.

Bwana Hector alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, samahani. Katiba ya chama inataka damu ya ukoo, kwa baba au kwa mama. Ndoa haihesabiki. Kwenu ni nani?"

"Baba ni Beaton."

"Na mama?"

"Flora. Mama yake alifariki akimzaa, akalelewa na majirani. Bibi aliitwa Sara. Zaidi ya hapo sijui, bwana."

"Basi itabidi..." Bwana Hector akaangalia soksi zake. "Pole sana, mama."

Effie alishuka. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja jikoni akawasha jiko la chai, maana chai haijali nani ameshinda. "Bwana," alisema moyoni, "nimekuja mlangoni. Umefungwa. Nisaidie nisiwe na uchungu." Lakini uchungu ulikuwapo, akaanza kupanga vikombe kwenye sinia.

Murdena alikuwa bado amesimama pale pale, kisu cha siagi hewani. Hakuwa na mzaha usoni.

"Umesema bibi yako aliitwa Sara."

"Ndiyo."

"Mwimbaji?"

"Mama alisikia hivyo. Eti akiimba, ng'ombe walikuja wenyewe."

Murdena akaketi juu ya gunia la viazi. Akatazama mlango wa ukumbini, ambako Catriona alikuwa akingoja kuitwa, akijinyoosha vidole.

"Effie," alisema polepole, "babu yangu Donald alikuwa na dada. Kwetu hatajwi. Tukipanda ngazi tunamruka, kama kidato kibovu. Mama aliniambia mara moja tu, tukichuma matunda kichakani, akaniapisha nisiseme. Huyo dada alitoroka na Mpresbiteri. Wazee wakafuta jina lake. Mwanamume akaenda Boston kutafuta kazi asirudi, na yeye akafa uzazini kwa watu baki. Aliitwa Sara."

Effie alishika ukingo wa meza. "Ulijua muda wote huu?"

"Nilijua kulikuwa na Sara. Kama ni wako sikujua, na sikutaka kujua. Sasa nimejua, na pale mlangoni amesimama mjukuu wangu."

 Birika likaanza kulia. Effie alitaka kumwambia, sema! Alitaka kumwambia pia, nyamaza, mtoto ni wako. Hakupata nguvu ya lolote kati ya hayo mawili.

Catriona ndiye aliyegeuka. Alikuwa amesikia yote, maana mlango wa jikoni ule ni ubao tu.

"Bibi," alisema, "nenda kaseme."

"Mwanangu, unajua unachokisema?"

"Nataka nimshinde kwa kuimba. Siyo kwa wewe kufunga mdomo. Na tangu lini wewe ukaweza kufunga mdomo?"

Murdena akainuka. Akaingia ukumbini na aproni yake na kisu chake cha siagi, kama askari aliyesahau kuweka silaha, akaita kwa sauti iliyowafanya hata wavutaji tumbaku wa nje waingie.

"Mwenyekiti! Huyu mwanamke ni wetu. Bibi yake ni Sara wa Ranald, dada wa babu yangu Donald. Tulimficha kwa sababu alimpenda mtu wa kanisa jingine. Aibu ni yetu, siyo yake. Nimemaliza. Anayetaka kunibishia asimame."

Akasimama mzee Roddie, huku kiti kikilia. "Mimi sibishi. Baba yangu aliniambia habari ya Sara. Alisema nisiwaambie ninyi, mtaona haya."

"Na mimi niliambiwa!" akasema mwanamke wa dirishani. "Mama alisema tusimwambie Roddie!"

"Kumbe nyote mlijua?" Murdena akafoka. "Nimebeba siri hii miaka yote mgongo unaniuma, na nyote mlikuwa nayo mifukoni?"

Ukumbi ukachafuka. Watu walicheka, walibishana nani alimwambia nani, wengine walipanga vizazi kwa vidole, wengine waligundua papo hapo kuwa wao pia ni ndugu na walikuwa wamenyimana salamu tangu kesi ya mpaka wa shamba. Bwana Hector alipiga meza kwa kiganja hadi wakatulia, ingawa naye alikuwa anajipangusa machozi ya kucheka.

"Damu imethibitishwa, na mashahidi ni kijiji kizima," alisema. "Lakini sharti ni mwombaji ataje mwenyewe."

"Hajui! Ataijuaje?" Murdena alisema. Kisha akageuka. "Effie, njoo hapa. Mimi nitaanza, wewe ujibu, kama tunapiga kitambaa."

Kila mtu pale aliujua mtindo huo. Zamani wanawake walizunguka meza, wakapigapiga juu yake kitambaa cha sufu kilicholowa mpaka kikaze, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Effie akapanda jukwaani mara ya pili.

"Effie wa Flora!" Murdena akaita.

"Effie wa Flora," akajibu.

"Flora wa Sara!"

"Flora wa Sara," alisema Effie, na jina hilo likamjaa kinywani kama mkate wa moto.

Mtu akaanza kupiga meza kwa kiganja, taratibu. Wa pili akadaka. Sara wa Ranald. Ranald wa Hector Mrefu. Hector wa Calum. Walipofika kwa Calum wa melini, meza zote zilikuwa zinanguruma na vikombe vinacheza. Effie hakusubiri kuambiwa. Juu ya mdundo ule ule alianzisha wimbo wake, wa mwanamke anayeita ng'ombe wake ndani ya ukungu. Sauti yake haikuwa nzuri sana; ilikuwa na mikwaruzo ya baridi ya kiwandani. Lakini kila alipofika mwisho wa ubeti, ukumbi mzima ulimpokea, wazee waliosahau maneno wakayakumbuka, na watoto ambao hawakuyajua kamwe wakayadaka.

Catriona akafuata. Alitaja nasaba yake kwa sauti wazi, na alipomfikia Donald akasita, kisha akasema, "Donald, ndugu yake Sara, wa Ranald." Bibi yake akajifunika uso kwa aproni. Halafu Catriona akaimba peke yake, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Effie alifumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti ile, na shukrani hiyo ilikuwa ya kweli, ingawa aliomba hapo hapo apewe yeye. Mungu amezoea watu wa namna hiyo.

Waamuzi walinong'onezana hadi chai ikapoa. Mwishowe Bi Seonaid akainuka, mkongojo mkononi.

"Catriona ameimba, na sisi tumesikiliza," alisema. "Mwanangu, mwakani usiporudi nitakuja kukuchukua kwenu mwenyewe. Effie ameimba, na sisi sote tumeimba. Ufadhili huu uliwekwa ili watu waimbe. Ni wa Effie."

Effie alisikia kelele kama maporomoko. Mtu alimkumbatia, akapakwa siagi begani, akajua ni nani.

"Umenipatia bibi wa pili na kuninyang'anya chuo kwa saa moja, Bibi," Catriona alisema kando yao, akicheka na kulia.

"Nyamaza," Murdena alisema. "Mwalimu wako wa kukunoa kwa mwakani ni huyu hapa, na hatoi bili kwa ndugu."

Jumapili iliyofuata, kabla ya misa, Effie alikwenda kwa padri kuandikisha jina kwenye maombi ya marehemu. Murdena alikuwa nyuma yake.

"Sara MacCorran," Effie alisema.

"Na Ewan," Murdena akaongeza. "Yule mume. Aliitwa Ewan."

Padri akainua macho. "Mpresbiteri?"

"Ameshakufa, Padri. Huko aliko wameshamalizana."

Padri alitabasamu, akaandika wote wawili. Alipoyasoma majina hayo altareni, kanisa zima likaitikia pamoja, kwa Kigaeli, wapewe raha ya milele. Effie aliyafuata maneno kwenye kitabu kwa kidole, polepole, bila kuruka hata moja, huku Murdena akimwegemea sikioni:

"Jumatatu ukifika chuoni usilale darasani. Sasa wewe ni wetu, utatuaibisha."