Jina Langu la Mkononi

Mama aliniita kwa majina mawili. Moja lilikuwa la mdomoni, la kila siku. La pili alilisema kwa kubana kidole gumba na cha shahada, kisha kuvuta polepole hewani, kama mtu anayevuta uzi mwembamba na hataki ukatike.

Hilo la pili nililipata kiwandani, kwenye ukumbi wa kufumia, siku nilipompelekea mama chakula alichokisahau nyumbani. Aliyenibatiza ni mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, aliyefanya kazi kwenye mtambo wa jirani. Aliniona nimeganda mlangoni, mwembamba, nimekumbatia kikapu, akavuta uzi ule hewani. Ukumbi mzima ukacheka bila sauti yoyote kusikika.

Mitambo ilipiga kelele kiasi kwamba kufungua mdomo humo ndani ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Basi wafumaji walizungumza kwa mikono na nyuso. Nyusi zikipanda, hilo ni swali. Mashavu yakijazwa upepo, msimamizi anakuja. Kiganja kikipangusa paji la uso, anatajwa mama yangu, ambaye jasho lilimtoka hata asubuhi ya baridi. Mtu alisengenywa kutoka upande huu wa ukumbi, na kabla hajageuka habari zilishafika upande wa pili.

Nyumbani waliendelea hivyo hivyo. Jioni mama mdogo alikuja, wakakaa jikoni wakimenya na kuchambua, na jikoni palikuwa kimya huku maneno yakiruka juu ya sufuria. Shuleni nilikuwa naambiwa "paza sauti" mpaka machozi yananilenga. Jikoni kwetu nilikuwa msemaji. Mama aliniambia nina mikono ya wakili.

Sikujua kwamba masikio yao yalikuwa yanakwisha kidogo kidogo. Nilidhani ndivyo familia yetu ilivyo.

Mama ametutangulia. Nilipomaliza chuo, serikali iliniajiri kwenye idara ya usalama na afya kazini, wakati sheria mpya imeanza kazi: kila kiwanda chenye kelele kiwape wafanyakazi vifaa vya kukinga masikio, wote wapimwe usikivu, na ambaye masikio yameshaharibika aondolewe penye kelele bila kupunguziwa mshahara. Ni sheria nzuri. Niliposoma kipengele hicho mara ya kwanza nilimkumbuka mama akiongeza redio mpaka mwisho, kisha kuuliza kama betri zimekufa.

Gari letu la kupimia lilipoingia kwenye uwanja wa kiwanda, wafumaji wengi walikuwa wasichana wa rika langu. Wa kale alibaki mama mdogo peke yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, uzi wangu." Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia. "Serikali nzima hii, ikakosa mwingine mpaka imtume sisimizi?"

Mwenzangu niliyekuja naye, mpimaji wa siku nyingi, alicheka. Akasema ni vizuri ampime yeye, kwa kuwa mimi ni ndugu. Mama mdogo akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe sikujui. Huyu nimemwogesha."

Kabla ya kupanda alinivuta pembeni. "Nikishindwa mnanipeleka wapi?"

Nilimjibu kwa mikono, bila hata kufikiri: chumba cha kukagua vitambaa. Kiti kizuri. Kimya.

"Hicho kimya ndicho ninachokiogopa," alisema. "Harusini watu wananiongelesha kama mtoto mchanga. Sokoni wananifokea kama mwizi. Humo ukumbini mimi si kiziwi, mwanangu. Kiziwi ni huku nje. Usinitoe."

Nikamkalisha kwenye chumba kidogo cha kupimia ndani ya gari, nikamvisha vipokea sauti vya masikioni, nikakaa mbele yake nyuma ya kioo. Kidole changu cha kubonyezea milio kilikuwa kimefichwa na kibao, kama tulivyofundishwa. Nikamwambia anyooshe kidole kila akisikia mlio.

Alinyoosha. Alinyoosha kwa mlio mkubwa, kwa mlio mdogo, hata kwa ile milio hafifu ambayo mimi mwenyewe huwa nasita.

"Huyu mama ana masikio ya popo," mwenzangu alisema, akataka kuandika.

Nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi kweli, kama mtoto aliyeambiwa kesho hakuna shule. Kisha nikaona macho yake. Hayakuwa yanaangalia kibao wala dirisha. Yalikuwa yametua usoni kwangu. Mimi nikikaza kidole huwa nauma mdomo wa chini, tangu utotoni. Mama alinikanya sana tabia ile.

Nikauma mdomo bila kubonyeza. Akanyoosha kidole.

Nilifungua mlango. "Mama mdogo, unaniangalia uso."

Akashangaa. Hakuwa na sura ya mtu aliyefumaniwa. "Sasa nisikie kwa kitu gani? Mmesema nikisikia ninyooshe. Nimekusikia kila mara."

Kwa miaka yote humo ukumbini kusikia kulikuwa kutazama, na ndivyo alivyonifundisha mwenyewe. Lakini mtambo ukishika moto nyuma ya mgongo wake, hakuna uso wa kumwambia. Na kile kilichobaki cha masikio yake kingeisha, kama cha mama kilivyoisha, mpaka akafa hajui sauti niliyokuwa nayo ukubwani.

Nilirudi kwenye kiti, nikakigeuza, nikampa mgongo. Nikabonyeza. Nikaongeza, nikabonyeza tena. Nyuma yangu mwenzangu, aliyekuwa anamtazama, alisema kila mara, "Hajanyoosha."

Nilipogeuka nilimwambia kwa mikono, maana habari kama ile sikuweza kumpa kwa mdomo. Aliniangalia mpaka mwisho. Kisha akapangusa paji lake kwa kiganja, jina la mama, akashuka garini.

Siku ile nilifanya jambo ambalo si kawaida yangu. Nilikwenda ofisini kwa meneja, nikapaza sauti. Chumba cha kukagua vitambaa kina dirisha kubwa la kioo linalotazama ukumbini. Niliomba meza ya mama mdogo iwekwe hapo. Meneja aliniomba nirudie, nikarudia kwa nguvu zaidi.

Tuliporudi kukagua kama vifaa vya masikio vinavaliwa, nilipitia ukumbini kwanza. Wasichana walikuwa wamevivaa wote, na kwa kuwa sasa hawasikii kitu, mikono ilikuwa inaruka kuliko zamani. Nusu yao walikuwa wamegeukia kioo. Nyuma yake mama mdogo, kitambaa mapajani, alikuwa anawapa habari za msimamizi kwa kujaza mashavu upepo.

Aliponiona hakutabasamu. Bado ana kinyongo kidogo, na ni haki yake. Alibana vidole viwili karibu na kioo, akavuta polepole, akaendelea kuvuta mpaka mkono ukanyooka wote, na uzi haukukatika.