Ukuta Aliomjengea Mama

Asifiwe alipata habari akiwa anapakwa poda nyuma ya jukwaa, Dodoma, ukumbi umeshajaa. Aliyepiga simu alikuwa Lucy, mfinyanzi mwenza wa mama yake kule Matema, mwanamke ambaye hakuwahi kumpigia hata siku moja.

"Mama yako alianguka," alisema. "Amelala sakafuni siku mbili peke yake. Tumempeleka hospitali. Njoo."

Waandaaji walimsihi, kisha wakamtishia. Aliwaambia wafanye watakavyo, akaingia garini na nguo zile zile za jukwaani.

Kutoka Dodoma hadi Ziwa Nyasa ni mwendo mrefu, na dereva hakuwa msemaji. Asifiwe alikuwa na miaka thelathini na saba. Alipokuwa na kumi na tisa, yuko chuoni Mbeya, mbunifu mmoja wa mavazi aliuona urefu wake na shingo yake, akamvalisha vitenge na kumpiga picha. Miaka minane alikuwa mwanamitindo. Alitembea majukwaani Dar es Salaam, Nairobi, hata Johannesburg, na uso wake ukabandikwa kwenye mabango ya sabuni. Kisha wabunifu wakaanza kutafuta wasichana wadogo, simu zikapungua. Siku moja harusini mshereheshaji hakutokea, Asifiwe akasukumwa mbele ashike kipaza sauti. Hakuwa na la kusema, basi akamwiga mama yake akigombana na mnunuzi wa vyungu: mkono kiunoni, Kiswahili chenye lafudhi ya ziwani, "balabala" badala ya barabara. Watu walicheka hadi machozi. Hapo ndipo alipozaliwa Mama Vyungu. Kwa miaka tisa Mama Vyungu ndiye aliyemlisha, akamnunulia gari, nyumba mbili Dar, na ile ya Matema.

Ya Matema alimjengea mama. Vigae, tangi la maji, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, geti la chuma, na mlinzi, Lazaro. Mitandao ilikuwa ikiandika utajiri wake kwa mamilioni ambayo yeye mwenyewe hakuyajua, naye akaogopa wezi. Siku ya kukabidhi nyumba alimpiga picha mama amesimama getini na funguo. Watu laki tatu waliipenda picha ile.

Hospitalini alimkuta mama yake, Veronika, amelazwa chali, nyonga imevunjika, uso umesinyaa. Lucy alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda.

"Ugonile, mama," Asifiwe alimsalimu, na bila kungoja jibu akamuuliza Lucy, "Lazaro alikuwa wapi?"

"Alikwenda Busale kumzika shemeji yake. Alifunga geti kwa nje, kama ulivyomwagiza."

Ni kweli, alimwagiza hivyo.

"Na ninyi majirani? Hakuna aliyemsikia?"

Lucy alijifunga khanga upya kabla ya kujibu. "Mwanangu, mimi nilikuwa naingia kwa mama yako bila hodi. Miaka thelathini tumekanda udongo pamoja. Ukuta uliposimama, mlinzi akaanza kutuuliza majina. Na sisi tukaulizana, tunamtakia nini mtu mwenye mtoto tajiri? Mavuno ya mpunga hatukumwita. Msibani hatukumpa kazi. Tulisema ana watu wa mshahara. Hilo ni kosa letu, nami nimelilia." Akamvutia mama shuka. "Siku ya pili sikuona moshi jikoni kwake. Nikaita vijana wakapanda. Mmoja amekatwa kiganja na zile chupa zako."

"Mama, ulipiga kelele?" Asifiwe aliuliza.

"Nilipiga mpaka sauti ikakauka," alisema mama. Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Asifiwe.

Jioni, walipobaki wawili, mama akamwomba: "Nifanyie yule Mama Vyungu."

"Mama, si leo."

"Nifanyie. Kwenye simu huwa sisikii vizuri."

Akafanya, polepole, machozi yakimtoka. Mama alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mimi sisemi hivyo. Nikikasirika huwa napunguza sauti. Wewe unapaza. Umekaa mbali mno, umesahau."

Asifiwe hakurudi Dar. Aliifuta ratiba yote ya miezi iliyofuata, na wiki iliyofuata akaanza kuubomoa ukuta, yeye mwenyewe na mafundi wawili, kwa nyundo, siku nne. Wapita njia walimrekodi, na mitandaoni ikasemwa amefilisika. Yeye akaendelea kugonga. Alimbakiza Lazaro, akampa kazi ya bustani.

Mama aliporudi aliwekewa kitanda barazani, mahali anapoiona njia. Siku za kwanza wanawake walipita wakisalimia tu. Kisha Lucy akaja na udongo wake akakaa chini kuukanda, kesho yake wakaja watatu, na mama akawa anawasahihisha kutoka kitandani, kwa sauti ya chini, na wote wanatii. Asifiwe alikuwa akikaa kwenye ngazi akisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu utoto alisikia jinsi mama yake anavyosema hasa.

Veronika alifariki asubuhi moja ya Agosti, baada ya chai. Alipokwisha kuingizwa chumbani, Lucy aliwatoa wanaume nje, akafunga mlango, akawapanga wanawake wenzake kuzunguka kitanda. Asifiwe alikuwa amesimama ukutani, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Njoo huku," Lucy alimwambia.

"Sijawahi kumwosha maiti, mama."

"Hakuna anayezaliwa anajua. Shika kichwa."

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Asifiwe alikishika kichwa cha mama yake kwa mikono miwili, wakaanza.