Sauti ya Goromo

Lilian alipiga simu siku ya arobaini na moja baada ya mazishi. Alikuwa Nairobi, katika ofisi inayosimamia katuni za Kijapani kwa nchi za Afrika Mashariki. Alianza kwa pole ndefu, na Klaudia akaisikiliza akiwa amesimama jikoni kwake Buhembe, mjini Bukoba, maji ya chai yakichemka hadi yakapungua nusu.

"Dada Klaudia, Tokyo wamesubiri kadiri walivyoweza," Lilian alisema. "Vipindi ishirini viko tayari. Vimebaki sita, na televisheni wameshatangaza Julai. Wanasema tukipata sauti inayofanana na ya marehemu, tumalize. Tusipopata, msimu wote unaanza upya na mtu wa Dar."

"Wote?"

"Wote. Sauti ya Wilbert itaondolewa kabisa."

"Sawa."

"Sawa ipi, dada?"

"Nitatafuta mtu," Klaudia alisema, akazima jiko.

Katuni yenyewe inaitwa Moyagoro. Watoto wa Japani wamekua nayo kwa zaidi ya miaka ishirini: madubwana yanayozaliwa katika ukungu wa milimani, kila moja likimchagua mtoto mmoja na kufuatana naye shuleni, sokoni, popote. Wenyewe walipotaka kuileta kwa Kiswahili, Klaudia, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, alituma kurasa tano za majaribio akiwa hana tumaini lolote. Wilbert, mume wake, aliyekuwa mtangazaji wa redio ndogo ya pale Bukoba, alizirekodi kwa simu. Walichukuliwa wote wawili. Chumba cha wageni kikageuka studio, kuta zikavikwa mablanketi, na Jamali, fundi mitambo wa redioni, akaanza kuja kila jioni baada ya kazi.

Wilbert alikuwa Goromo, dubwana mkubwa kama basi, mwenye majani mgongoni, anayeogopa vyura. Kwa Kijapani Goromo humaliza kila sentensi kwa kijineno kisicho na maana, na watoto wa kule hukiiga. Klaudia alihangaika wiki nzima kutafuta kijineno cha Kiswahili. Siku moja Wilbert, akimenya ndizi, akasema, "Mwache aseme waitu. Zimwi la heshima zake." Waitu ni neno ambalo Mhaya humpa mtu yeyote anayemheshimu, awe mwenyeji au mpita njia. Klaudia aliwaandikia Tokyo ukurasa mzima wa maelezo. Baada ya siku tisa walijibu kwamba wamekubali, wakauliza kama neno hilo linaweza kuchapwa kwenye fulana. Msimu wa kwanza uliporushwa, watoto wa Tanga na Kisumu, ambao hawajawahi kumwona Mhaya, walikuwa wakiwaambia mama zao, "Nimeshiba, waitu."

Kisha, Jumanne moja ya Machi, Wilbert alianguka bafuni akinyoa ndevu. Walisema ni presha. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amekwisha. Walimzika kwao, Muleba, kwenye kibanja cha baba yake, nyuma ya migomba.

Klaudia hakulia. Si kwamba alijizuia. Tangu siku hiyo alikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake: anauona, anajua ni wake, lakini hausikii. Alirudi kufundisha baada ya wiki mbili. Alisahihisha insha. Watu walimwambia amejikaza, naye akawashukuru.

Alipoanza kutafuta sauti, wanaume kumi na mmoja walikuja Buhembe: watangazaji, waimba kwaya, mwalimu mwenzake mmoja, hata mnadi wa mitumba. Kila mmoja alisimama mbele ya kipaza sauti cha Wilbert akasoma mistari ile ile. Klaudia aliketi nyuma na karatasi akiandika hapana, hapana, hapana. Haikumuuma. Alishangaa kidogo kwamba haikumuuma.

Wa mwisho alipoondoka, Jamali alivua vipokea sauti.

"Shemeji, kuna mtu mmoja. Nilimsikia pale msibani."

"Najua," Klaudia alisema.

Alikuwa akijua tangu siku ya mazishi. Karugendo, kaka yake Wilbert, aliposimama kaburini kusoma wasifu wa marehemu, watu kadhaa waligeuza vichwa haraka. Ilikuwa sauti ile ile, yenye mkwaruzo ule ule mwishoni mwa neno.

Tatizo ni kwamba Karugendo alikuwa mwinjilisti wa kanisa la Kilutheri, na Moyagoro ndiyo iliyomtenga na mdogo wake. Krismasi moja huko Muleba, mwaka ambao msimu wa kwanza ulirushwa, aliwakuta watoto wake sebuleni wakiliamkia zimwi. Jumapili iliyofuata alisema mbele ya usharika kwamba kuna watu wanaowafundisha watoto urafiki na mashetani, na wanayatolea mashetani hayo heshima ya Wahaya. Hakutaja jina. Hapakuwa na haja. Wilbert na Klaudia walitoka ibada ilipokwisha, wakapanda gari, wakarudi Bukoba. Ndugu hao wawili hawakuzungumza tena.

Klaudia alikwenda Muleba Jumamosi. Alimkuta Karugendo akigeuza buni kwenye mkeka, suruali imekunjwa hadi magotini. Walisalimiana. Mke wake alileta kiti na uji. Klaudia alieleza shida yake kwa maneno machache, kama anayesoma tangazo.

Karugendo aliendelea kugeuza buni.

"Shemeji, unajua nilichosema kanisani."

"Nakijua."

"Na bado umekuja."

"Hakuna mwingine mwenye sauti hiyo."

Karugendo akauliza, "Hilo dubwana linataka nini?"

"Katika vipindi hivi sita?"

"Ndiyo. Linatafuta nini kwa watoto wa watu?"

"Ukungu umeondoka mlimani. Hajui njia ya kurudi kwao. Mtoto anamsaidia kutafuta."

"Basi?"

"Basi. Hakuna uchawi. Wamekatazana hata neno kufa, limeandikwa kwenye mwongozo wao."

Karugendo alifuta mikono, akachukua karatasi alizokuja nazo Klaudia, akasoma ukurasa wa kwanza kimyakimya, midomo ikicheza. Akasoma wa pili. Upepo ulitaka kuchukua wa tatu, akaikanyaga karatasi kwa kidole cha mguu.

"Nisipokuja, wataifuta sauti yake?"

"Ya msimu huu, yote."

"Nitakuja," alisema. "Lakini msiniambie nifanye kama yeye. Nitasoma ninavyosoma."

Alikuja Bukoba siku ya mapumziko, na shati la kanisani na begi dogo. Walirekodi siku tatu. Alisoma vizuri, polepole, akitua kwenye kila nukta. Jamali alikuwa akimtazama Klaudia kwa wasiwasi, lakini Klaudia alikuwa akifuata mistari kwa kalamu, akihesabu sekunde ambazo mdomo wa Goromo uko wazi.

Siku ya pili walifika mahali ambapo Goromo anacheka. Karugendo alijaribu mara nne. Kila mara ilitoka kama mtu anayekohoa ofisini mwa mkubwa.

"Sijui kucheka bila sababu," alisema.

"Tuna vya Wilbert," Jamali alisema kwa sauti ndogo. "Vicheko kumi na vinne. Niliviweka pembeni."

"Fungua," Klaudia alisema.

Jamali alivicheza kimoja baada ya kingine. Klaudia alivisikiliza vyote, mikono mapajani, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Cha tatu kilikuwa kirefu mno. Cha saba kilikuwa na mlio wa pikipiki kwa mbali.

"Cha tisa," alisema.

Ndipo walipomwona Karugendo akivua vipokea sauti. Alikuwa amevisahau masikioni, na vicheko vyote kumi na vinne vilikuwa vimempitia. Alitoka nje. Dirishani walimwona amesimama karibu na tangi la maji, ameliegemea kwa viganja viwili kama anayelizuia lisianguke.

Aliporudi hakuketi.

"Nilimsema mbele ya watu," alimwambia Klaudia. "Alikuwa benchi la tatu. Nilimwona."

"Najua. Nilikuwa nimekaa naye."

"Alisema nini njiani?"

Klaudia alifikiri. Alitaka kumpa jibu la kweli. "Hakusema kitu mpaka Kemondo. Pale akasema ana njaa."

Karugendo alisubiri. Klaudia alielewa kwamba anasubiri neno fulani kutoka kwake, la kumsamehe au la kumlaumu, lolote. Alilitafuta ndani yake kama mtu anavyopapasa mfukoni akijua fika kuwa hakuweka kitu. Hapakuwa na hasira. Hapakuwa na huruma pia.

"Tuendelee, shemeji," alisema. "Ukurasa wa kumi na nne."

Tokyo walikubali vipindi vyote sita. Walituma barua fupi yenye picha ya Goromo akiinamisha kichwa. Lilian alisema hata yeye, anayejua, hasikii tofauti. Msimu ulirushwa kuanzia Julai, kipindi kimoja kila Jumamosi, na hakuna mtazamaji aliyeandika kulalamika.

Jumamosi ya kipindi cha ishirini na moja, mwezi Novemba, Klaudia alikuwa Muleba, nyumbani kwa mama mkwe wake, Kokubanza. Hakupanga hivyo. Alikuja kupalilia kaburi, mvua ikamzuia. Watoto wa Karugendo walikuwa wamejaa sakafuni mbele ya televisheni, na Karugendo mwenyewe alikuwa mezani akila ndizi za ebitoke na maharage. Hakuwakataza watoto tena. Kokubanza, ambaye macho yake sasa yanaona vivuli tu, alikuwa kwenye kigoda akiambua maharage mabichi. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu sauti.

Goromo alitokea, akasema mstari wake wa kwanza.

Mikono ya Kokubanza ilisimama.

"Huyo ni Karugendo," alisema.

Karugendo aliweka kijiko chini. "Ni mimi, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Vile vya nyuma vyote ni yeye."

Kokubanza aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuambua. Alisikiliza mistari mingine mitano, sita.

"Unasoma kama uko madhabahuni," alisema. "Mwenzako alikuwa anaongea."

"Nilisoma ninavyosoma, mama."

"Ndicho ninachosema." Akamgeukia Klaudia, au upande aliodhani Klaudia yupo. "Kuna vingine?"

"Wanataka msimu wa tatu, mama. Sijawajibu."

"Basi mfundishe kwanza."

Karugendo alimtazama Klaudia. "Alikuwa anafanyaje?" aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Klaudia alifungua mdomo bila kujua atasema nini. Akasema kwamba Wilbert hakurekodi hata siku moja akiwa amevaa viatu. Kwamba alikuwa akiweka kiganja tumboni, namna hii, ili sauti ishuke. Kwamba sehemu za vyura alizirekodi akiwa amesimama juu ya kiti, na kiti kilivunjika mara mbili, na mara ya pili aliendelea kusoma akiwa chini sakafuni, na hicho ndicho kipande walichokitumia. Alisema kwamba kabla ya kila kipindi aliomba asomewe mistari ya mtoto, si ya Goromo, kwa sababu alisema dubwana hajui atasema nini mpaka amsikie mtoto. Aliongea kwa muda mrefu. Sauti yake haikubadilika na macho yake yalikuwa makavu, lakini hakuweza kunyamaza. Karugendo alikuwa ameacha kula. Kokubanza alikuwa ameinamisha kichwa upande wa sikio zuri.

Binti mmoja wa Karugendo aligeuka kutoka sakafuni.

"Mama mdogo, hatusikii."

"Samahani," Klaudia alisema, akanyamaza, na wote wakatazama televisheni hadi mwisho.